Kulala ndani ya Probox: kipi kibadilishwe kwanza, kipi kisubiri

Swali la msomaji: "Mtaalamu, shikamoo na pole na kazi. Nina Probox ya 2010. Mimi na mke wangu tumeanza kulala ndani ya gari tukienda Lushoto na Pangani badala ya kulipia vyumba. Tunakunja siti ya nyuma na kutandika godoro la nyumbani la inchi 6. Mgongo unauma, asubuhi vioo vinatiririka maji mpaka mashuka yanalowa, Pangani joto na mbu havisemeki, na safari ya mwisho feni niliyoiunga kwenye inveta ilimaliza betri, tukasukumwa ndipo gari likawaka. Nina laki sita ya kuboresha mambo. Nilikuwa nawaza friji ndogo ya gari au hema la kufunga juu ya keria. Nianze na kipi? Urefu wangu ni futi 5 na inchi 10, mke wangu ni mfupi kidogo."

Marahaba, ndugu yangu. Friji na hema viache kwanza. Katika hayo uliyoyataja hakuna hata moja linalotibiwa na friji, na hema la juu la kawaida lina uzito wa kilo 50 hadi 60 kabla hamjapanda wenyewe; keria nyingi zinazofungwa kwenye Probox zimetengenezwa kwa magunia na ngazi, si kwa kubeba uzito huo ukiyumba kwenye kona za Mombo. Kinachowasumbua ni sakafu isiyo sawa, hewa isiyotembea, na umeme usiopigiwa hesabu. Laki sita inatosha, ila iende kwa mpangilio: kitanda, kisha madirisha, kisha umeme mdogo.

Tuanze na kitanda, maana ndicho kitakachokula fedha nyingi kuliko vyote.

Chukua utepe, pima kutoka sakafu ya buti hadi dari. Kwenye Probox utapata sentimita 90 na kitu. Godoro lako la inchi 6 linameza 15. Mtu wa urefu wako akiketi wima anahitaji karibu sentimita 90 kutoka makalio hadi utosi. Ndiyo maana hamwezi kuketi humo, mnavaa mkiwa mmelala, na kila anayegeuka anamwamsha mwenzake. Na bado mgongo unauma, kwa sababu shida haikuwa unene. Siti ya nyuma ikikunjwa huacha ngazi kati ya mgongo wake na sakafu ya buti, na mbele yake kuna shimo la miguu. Sponji inafuata kilicho chini yake: kiuno kinazama, mabega yananing'inia.

Dawa yake ni ubao, tena ubao wa chini. Picha za mtandaoni zenye kitanda kilichoinuliwa na madroo chini yake ni za magari marefu kwenda juu. Ukiinua kitanda sentimita 30 kwenye Probox utapata madroo mazuri sana na pua yako itakuwa jirani na dari.

Sogeza siti za mbele mpaka mwisho na uinamishe migongo yake mbele. Funga mlango wa buti, kisha pima kutoka ndani ya mlango huo hadi nyuma ya siti za mbele. Kwa urefu wako wa sentimita 178 unahitaji 185 kwa uchache. Pungufu ya hapo vidole vya miguu vitagonga buti usiku kucha. Pima upana sehemu mbili: pale bodi inapopanda juu ya tairi, ambapo ndipo pembamba kuliko pote, na usawa wa milango ya nyuma, ambapo panafunguka. Andika pia kimo cha ile ngazi, kulia na kushoto, maana siti za magari ya zamani hulala upande mmoja zaidi ya mwingine.

Nunua karatasi moja ya plaiwudi ya milimita 12. Ina sentimita 244 kwa 122 na uzito wa kama kilo 20, kwa hiyo inatosha kitanda kizima na vipande vinabaki. Ya milimita 9 ni nyepesi lakini inabonyea, itakubidi uipigilie mbao chini kila sentimita 30, na hapo wepesi wake umekwisha. Seremala aikate vipande viwili: kikubwa kifunike buti pamoja na mgongo wa siti, kidogo kifunike shimo la miguu. Viunganishwe kwa bawaba ndefu ili kipande kidogo kikunjwe juu ya kikubwa mkiwa safarini. Ukingo wa mbele wa kipande kidogo usimame kwenye miguu miwili ya mbao za mbili kwa mbili, iliyokanyaga sakafu yenyewe. Kila mguu upimwe peke yake, kwa kuwa sakafu ina mwinuko katikati. Mafundi wengi huikata sawa kwa sawa, na kitanda kikishawekwa kinacheza kama kiti kibovu cha hotelini. Chini ya kila mguu pigilia kipande cha tyubu kuukuu isiteleze. Pale penye ngazi, chini ya kipande kikubwa, weka vijiti vya unene uliopima.

Jambo moja fundi asilifanye hata akikwambia ndiyo imara: kupiga skrubu kwenye sakafu ya gari. Tangi la mafuta liko chini ya eneo la siti ya nyuma, na mabomba ya breki na ya mafuta hupita hukohuko. Ubao ufungwe kwa mkanda kwenye kulabu za mizigo zilizomo kwenye buti. Na usiuache bila kufungwa, kwani ukifunga breki ghafla kilo 20 za ubao zitakuja kisogoni.

Juu ya ubao huo godoro la inchi 3 linatosha, ili mradi ni sponji nzito. Ulizia ya kilo 30 au zaidi kwa mita moja ya ujazo. Muuzaji akikosa jibu, piga goti juu yake dukani. Goti likigusa sakafu, na nyonga itaigusa saa nane usiku. Chukua la futi 4 kwa 6. Lala kichwa kikielekea siti za mbele na miguu kwenye buti, ili mabega yawe penye upana na miguu iwe penye wembamba. Upande wa miguu ukate kufuata umbo la pale juu ya tairi, kwa kisu cha mkate chenye meno, kukiwa na mstari uliochorwa kwa kalamu; wembe unararua sponji. Kisha likate vipande vitatu kwa upana, shonea foronya tatu. Mchana vipande viwili vinapandana na kuwa kiti.

Chini ya godoro tandika mkeka wa plastiki. Usiuone mdogo. Joto na jasho la mwili hushuka kupitia sponji hadi kwenye ubao uliopoa na kugeuka maji hapo, na wiki mbili baadaye godoro lina madoa meusi ya ukungu. Mkeka unaacha upenyo wa hewa. Mkirudi nyumbani godoro lisimamishwe ukutani, lisiachwe garini.

Mkifika mahali pa kulala, kabla ya kuzima injini weka pimamaji ya fundi mwashi juu ya ubao, au laza chupa ya maji iliyojaa nusu. Sogeza gari au panda kibao kwa tairi moja mpaka upande wa kichwa uwe juu kidogo. Kuteleza kuelekea miguuni kunavumilika. Kulala damu ikishukia kichwani kunaleta maumivu ya kichwa, halafu watu wanasingizia hewa.

Sasa hiyo hewa. Mtu mmoja akilala hutoa karibu robo hadi theluthi ya lita ya maji kwa pumzi na ngozi kwa usiku mmoja. Nyinyi ni wawili, na mnalala kwenye boksi la bati na vioo. Maji hayo hayana pa kwenda isipokuwa kwenye kitu cha baridi kilicho karibu, yaani kioo, na Lushoto, iliyo kwenye kimo cha kama mita 1,400, hewa yake huwa na ubaridi wa nyuzi 9 hivi chini ya pwani. Vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyouzwa kwa ajili ya magari havisaidii: gramu 100 za chembechembe zile hunywa kama theluthi ya uzito wake, gramu 30 na kitu. Nyinyi mnatoa zaidi ya 500.

Kinachosaidia ni madirisha mawili kuwa wazi, la mbele upande mmoja na la nyuma upande wa pili, sentimita 3 hadi 5 kila moja, hata kama ni Julai na Irente kuna ukungu. Hewa ikatize juu yenu, isiingie na kutoka dirisha lilelile. Vile vizuia mvua vya plastiki vinavyobandikwa juu ya madirisha ni lazima, vinginevyo mvua ya usiku itawafanya mfunge, na mkifunga mmerudi mlikotoka. Nguo zilizolowa na viatu vya matope vilale nje, chini ya gari ndani ya mfuko. Asubuhi kioo kikiwa na umande kidogo kifute kwa taulo kabla jua halijakipiga, na taulo lianikwe nje.

Madirisha yakiwa wazi ndipo mbu wanaingia, kwa hiyo chandarua si kitu cha kuongeza baadaye. Wa malaria huuma zaidi kati ya magharibi na alfajiri, saa hizohizo mmelala. Njia iliyo bora kuliko sumaku na gundi za kubandika ni soksi ya mlango: mfuko wa chandarua unaovikwa mlango mzima wa nyuma kutoka juu, kisha mlango unafungwa juu yake. Kioo kinapanda na kushuka ndani ya mfuko. Pima upana wa fremu ya dirisha na kimo chake hadi chini kidogo ya kitasa, ongeza sentimita 6 kila upande. Fundi cherehani akunje kitambaa, ashone pembeni, na chini atie lastiki inayobana. Mita 2 za chandarua kwa kila mlango zinatosha na chenji. Kata tundu la kitasa mahali pake na ulipinde, la sivyo mtashindwa kufungua kutoka nje. Shona mbili za milango ya nyuma na moja ya mlango wa abiria mbele.

Vitu viwili huharibu kazi hii. Kwanza, mbu anauma kupitia chandarua kikigusa ngozi, na nyinyi mnalala bega likiwa limeegemea mlango. Weka mto au begi la nguo katikati. Pili, kule Pangani karibu na mikoko kuna usubi, na matundu ya chandarua cha kawaida kwao ni lango. Hao wanahitaji nyavu za matundu madogo zaidi, ambazo nazo hupunguza upepo. Ningeshona jozi moja ya kawaida na soksi moja ya nyavu hizo za matundu madogo kwa upande unaoelekea majini. Dawa ya kuchoma ya mbu msiiwashe ndani ya gari. Moshi wake kwenye nafasi ndogo vile ni mateso kwa mapafu. Ingieni mapema, taa ikiwa imezimwa, mwueni mbu aliyebaki kwa kofi, basi.

Vioo vilivyobaki vinataka vifuniko, kwa ajili ya faragha, jua la asubuhi na ule umande. Tumia foili yenye sponji inayowekwa chini ya mabati, ya milimita 5 au 8, inauzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Kata kielelezo cha boksi kwanza, kikae sawasawa kwenye fremu, ndipo ukihamishie kwenye foili ukiongeza sentimita 1 kuzunguka pande zote, ili kijibane chenyewe. Vile vikombe vya mpira vya kunyonya kioo hudondoka usiku umande ukianza. Upande wa nje shonea kitambaa cheusi; foili tupu ikimulikwa na tochi inatangaza kwa kila mpita njia kwamba humu kuna watu. Viandike namba, na kifuniko cha kioo cha mbele kiwe cha kuvutwa kwa mkono mmoja. Kiti cha dereva kisijazwe mizigo. Ikitokea haja ya kuondoka, uondoke bila kushuka.

Kuhusu umeme, hebu tuone kilichoua betri yako. Feni ya mezani hula kama wati 45. Kupitia inveta, ambayo nayo ina makato yake, hiyo ni ampea 4 na nusu hivi kutoka kwenye betri ya volti 12. Zidisha kwa saa 7 za usingizi: ampea-saa 31. Betri ndogo inayofungwa kwenye magari ya aina hii huwa na 35 hadi 45 ikiwa mpya, na yako si mpya. Kibaya zaidi, betri ya kuwashia gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, si kukamuliwa polepole hadi chini. Kila ikikamuliwa hivyo hupoteza sehemu ya uwezo wake kwa kudumu. Ipime kwa mita asubuhi kabla ya kuwasha gari, angalau saa chache baada ya kuzimwa. Ikisoma volti 12.6 iko salama, 12.2 ni nusu, chini ya 12 tayarisha watu wa kusukuma. Kama imejazwa usiku kucha na bado haifiki 12.4, sehemu ya laki sita yako ina mwenyewe tayari.

Inveta iweke kabatini. Nunua feni ndogo ya USB ya wati 5 na pawabenki moja ya kweli ya milliampea-saa 20,000. Hiyo ina wati-saa 74 kwenye karatasi, na baada ya upotevu utatumia kama 55 hadi 60. Feni kwa saa 8 inakula 40. Kinachobaki kinajaza simu moja, siyo mbili. Pawabenki ijazwe mkiwa barabarani kupitia soketi ya kiberiti, kwa chaja ya USB ya gari, ili alteneta, kile kifaa cha injini kinachozalisha umeme, ifanye kazi hiyo. Pwani feni iwapulize mwilini, kwani kinachopoza ni upepo kukausha jasho. Lushoto ielekeze kwenye dirisha la nyuma isukume hewa nje, kwa spidi ndogo kabisa. Na pawabenki isiachwe kwenye dashibodi gari likiwa juani.

Sasa utaelewa kwa nini niliikataa friji. Friji ndogo ya wati 45, kwenye joto la Pangani, hufanya kazi kama dakika 24 katika kila saa. Kwa siku nzima hiyo ni zaidi ya wati-saa 400. Betri ya lithiamu ya ampea-saa 20 inayoonekana kubwa dukani ina 256 tu. Utahitaji betri mbili za namna hiyo, chaja yake maalumu, fyuzi iliyo ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye nguzo ya betri, na pengine sola. Hapo laki sita imeisha na bado mnalala kwenye ngazi. Deli la lita 25 likiwa na chupa nne za lita 1.5 zilizogandishwa nyumbani litawatunzia samaki na maziwa siku mbili likikaa kivulini na lisipofunguliwa ovyo; na barafu ikiyeyuka ni maji ya kunywa.

Kwenye kupika niwe mkali kidogo. Mtungi wa gesi wa kilo 3 au 6 unafaa, lakini hupikii ndani wala hulali nao ndani. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatulia chini, na chini ndipo vichwa vyenu vilipo. Ufunge valvu, uusimamishe nje, uuzungushie mnyororo kwenye rimu kama unahofia wezi. Na jiko la mkaa lisiingizwe garini kuleta joto, hata makaa yakiwa yamefunikwa na majivu na kuonekana yamekufa, hata madirisha yakiwa wazi kidogo. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na anayeivuta usingizini haamki kufungua mlango. Kwa baridi ya Lushoto jazeni maji ya moto kwenye chupa ya chuma, ivisheni soksi nene, iwekeni miguuni. Kofia za sufu kichwani. Blanketi moja zito kwa kila mtu badala ya moja kubwa la kugombania.

Kabla ya usiku wa kwanza kwenye kitanda kipya, fungua milango ya nyuma utazame ubavuni mwake palipo na kiswichi kidogo cha loki ya watoto. Kikiwa kimewashwa, mlango haufunguki kutoka ndani, na mlango wa buti nao hauna kitasa cha ndani. Wewe na shemeji mtakuwa mmejifungia. Kizime pande zote mbili. Taa ya ndani iweke kwenye alama ya kuzimwa, isiwake kila mlango unapofunguliwa. Kama gari lina alamu ya kufungwa dukani, funga milango kwa mkono kutoka ndani badala ya rimoti, kwa sababu zenye kihisi cha mtikisiko hulia mtu akijigeuza tu.

Fedha zikibaki, na nadhani zitabaki kidogo, nunua turubai la mita 3 kwa 4 na kamba. Upande mmoja ufungwe kwenye keria, mwingine kwenye fito mbili, literemke juu ya mlango wa buti ulioinuliwa. Mvua ya Usambara ikianza mkiwa mnapika, mtakuwa na mahali pa kusimama pasipokuwa kitandani.